Vizibo vya Sufu

Baba yangu aliamini kwamba dunia ilianza kuharibika siku plastiki ilipoingia ndani ya risasi. Vita, ukame, watoto wasioamkia wakubwa, yote hayo kwake yalikuja baadaye. Alikuwa fundi wa bunduki kwa miaka arobaini na mitatu na kila mtu alimwita Fundi, hata mama yetu alipokuwa hai, hata siku walizogombana. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza ya mbao iliyolowa mafuta, jiriwa mbili za kubania vyuma, mizani ya shaba, na harufu ya baruti isiyotoka kwenye nguo zetu hata tuzifue mara ngapi.

Wateja wake walikuwa wakulima wenye bunduki kuukuu za mitutu miwili, zile walizorithi kwa babu zao. Risasi za dukani zilikuwa na nguvu mno kwa mitutu ya zamani, kwa hiyo Baba aliwajazia mwenyewe. Nieleze hili mara moja tu, maana bila hilo hutaelewa tulivyoangamia. Ndani ya ganda la risasi, chini kuna baruti na juu kuna marisaa, yaani zile chembe nyingi zinazotawanyika. Katikati lazima pawe na kizibo cha kusukuma marisaa. Baba alitumia vizibo vya sufu, alivyovikata kwa chuma cha duara kutoka kwenye kofia kuukuu, akavigandamiza na kuvipaka nta. Kizibo cha sufu husukuma marisaa lakini hakiyakingi. Yanajisugua kwenye kuta za mtutu, na yakitoka nje kila moja linashika njia yake. Kizibo cha plastiki ni kikombe. Marisaa hukaa ndani yake yametulia, nacho huyasindikiza mpaka nje ya mtutu, hivyo yanakwenda mbali yakiwa pamoja. Bunduki ileile na umbali uleule, lakini kwa sufu matundu huenea upana wa mlango, na kwa kikombe ni upana wa sinia.

Baba hakutaka kusikia habari hiyo. "Sufu ikikatwa na mtu anayejua kazi," alikuwa akisema, "inabana marisaa kuliko hicho kikombe chenu cha kunyweshea vifaranga." Labda enzi za ujana wake ilikuwa kweli, sijui.

Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka mwaka mmoja baada ya Mama kufariki. Macho nayo yakafuata, yakaingia ukungu. Hakumwambia mtu, na sisi tukajifanya hatuoni, maana ndivyo tulivyolelewa: jambo la aibu mnalifunika kwa mkeka, kisha mnakaa juu yake na kuongea habari za mvua. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda. Ndoa yenyewe ilikuwa kama baruti iliyopata unyevu, ilitoa moshi tu. Mbele za watu kazi yangu ilikuwa kupika, kufagia na kupokea wateja. Lakini kila siku baada ya chakula cha mchana, Baba akishajilaza, niliingia karakana na kufungua risasi alizojaza asubuhi. Zilikuwa balaa. Moja ina baruti ya risasi mbili, nyingine haina hata chembe, na marisaa yamezagaa mpaka ndani ya ndara zake. Nilizimwaga zote, nikapima, nikazijaza upya, nikakunja midomo ya maganda na kuzirudisha kwenye boksi kama alivyoziacha. Akiamka alichukua moja, akaipima kiganjani, akasema, "Mkono wa fundi haulogwi."

"Haulogwi, Baba," nami nikajibu.

Miaka miwili nilifanya hivyo, na sikuona kosa lolote. Nilijiona mtoto mwema.

Kisha kukaja msimu mmoja wa mvua zisizokatika, sufu yote ikaota kuvu. Wateja walikuwa wanangoja, nguruwe pori wanamaliza mahindi yao. Mchuuzi mmoja wa vifaa akaniuzia mfuko wa vikombe vya plastiki, ishirini na tano. Nikasema moyoni, boksi moja tu, mpaka sufu ikauke. Nikajaza, na kwa nje hazikuwa na tofauti na nyingine. Mfuko nikauchoma jikoni ili Baba asije akaukanyaga. Risasi kumi na tano zikaenda kwa wateja. Kumi akazichukua mdogo wangu.

Mdogo wangu tulimwita Kijiti kwa sababu ya wembamba. Akisimama kiubavu ulikuwa unamtafuta. Alilima mahindi nje ya mji, na bunduki yake ilikuwa ya babu yetu. Jirani yake alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kujisomea na kushika majembe kwa vidole viwili. Walitumia mfereji mmoja wa maji, na kama ilivyo kawaida ya mfereji mmoja, waligombana. Wiki mbili kabla ya siku ile walipigiana kelele mbele za watu, na Kijiti akasema, "Nitakuonyesha!" Sote tunasema nitakuonyesha. Mimi nimemwambia hivyo mpaka jogoo.

Alfajiri moja yenye ukungu Kijiti aliona kitu cheusi kimeinama kwenye mahindi yake kinatikisika. Akapiga, mtutu wa kushoto. Alikuwa Mwalimu, amevaa koti jeusi, ameinama anafungua mfereji. Kijiti alimbeba mgongoni mpaka barabarani huku analia na kuita watu. Mwalimu alikata roho kabla gari halijapatikana.

Polisi walipima. Matundu mgongoni mwa marehemu yalienea upana wa sinia la chai. Walichukua bunduki pamoja na boksi la risasi lililokuwa nyumbani kwa Kijiti. Katika mtutu wa kulia kulikuwa na risasi ambayo haikupigwa. Wakaipasua, wakakuta sufu. Mtaalamu wao wa silaha akazipiga zile za kwenye boksi, nazo zote za sufu, kwenye karatasi kubwa, hatua kwa hatua, na upana wa sinia akaupata kwenye hatua kumi na mbili. Kijiti alikuwa amesema hatua thelathini. Katika ukungu ule, hatua thelathini unaona kivuli tu. Hatua kumi na mbili unaona kama mtu amenyoa ndevu au hakunyoa. Kesi nzima ilikuwa hapo: thelathini ni ajali, kumi na mbili ni mauaji ya kukusudia.

Nilimwona rumande, waya katikati yetu. Alikuwa amekwisha, na kwake kukonda si jambo dogo.

"Dada, nilizihesabu zile hatua mimi mwenyewe baadaye," akaniambia. "Thelathini na moja. Sasa hata mimi naanza kujiuliza. Bunduki inasema nilikuwa karibu."

"Ile risasi uliitoa wapi?"

"Mfukoni mwa koti. Zilikuwa zimechanganyika humo. Za zamani, na zile ulizonipa wakati wa mvua, ilikuwa imebaki moja, labda mbili. Kwani vipi?"

Nikasogea karibu na waya. Nikamweleza yote, habari za mchana wa Baba, kuvu na vikombe. Alinisikiliza mdomo wazi, halafu akacheka, kicheko cha kwanza tangu akamatwe, na machozi yakamtoka humohumo.

"Kumbe sijarukwa na akili," akasema. "Dada yangu, kumbe sijarukwa na akili."

Kikombe cha plastiki hakipotei hewani. Hudondoka hatua chache mbele ya mpigaji. Nilikwenda shambani na kutafuta siku tatu, kwa magoti. Lakini watu walikuwa wamepakanyaga mahali pale, na mfereji ulishafunguka. Mwalimu mwenyewe alikuwa karibu kumaliza kuufungua alipopigwa, na maji yalipita hapo mchana kutwa. Nikapata kifungo cha koti. Wateja walionunua zile kumi na tano walikuwa wameshazitumia, na mmoja aliyekiri kuwa nayo moja alisema hataki jina lake lisikike mahakamani, akanifungia mlango. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na sisi hata mti wa kutelezea hatukuwa nao.

Wakili wetu alikuwa kijana mwenye suti moja na akili nyingi. Aliomba kipimo kirudiwe, akakubaliwa. Tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha wa polisi, na mimi nikajaza risasi mbili mbele ya macho ya mtaalamu wao, moja ya sufu na moja ya kikombe, uzito uleule wa baruti na marisaa. Wakazipiga kwa bunduki ya babu, mtutu wa kushoto, hatua thelathini. Karatasi ya sufu ilitobolewa ovyo kila upande. Karatasi ya kikombe ilikuwa na duara moja. Mtaalamu akaweka rula yake, akapima, akapima tena. Upana wa sinia, haukuzidi wala haukupungua kidole.

"Wewe umejifunza wapi kazi hii?" akaniuliza.

"Kwa baba yangu."

"Mzee ana bahati," akasema, na aliandika kipimo chote bila kuficha kitu. Sitamsema vibaya mtu yule.

Wakati wa kurudi, wakili alinishika bega. "Hii inatosha kuleta shaka, Dada. Lakini sikiliza. Kabla hujasimama kizimbani, mwambie mzee. Mwambie kila kitu. Jaji akitaka kumsikia, ni lazima aseme unachosema wewe."

"Nitamwambia."

Nilikuwa na siku nane. Siku ya kwanza Baba alikuwa na mafua. Ya pili alikuwa amefurahi, na nilimwonea huruma. Ya tatu nilifika mlangoni mwa karakana nikamkuta anakata sufu, uso umekaribia meza, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika, nikarudi jikoni. Ya nne, ya tano, sitaki hata kuzikumbuka. Nilijiambia hataitwa. Mzee haoni, mzee amechoka, watamwita wa nini? Mwoga huwa hakosi sababu, nami nilikuwa nazo ghala zima. Usiniulize kwa nini sikusema. Ningemwambia nini? Kwamba kwa miaka miwili hajafanya kazi, amecheza tu mezani kama mtoto, na mimi nimekuwa nikifagia nyuma yake?

Siku ya kesi nilisimama nikasema kweli yote. Wakili alinyanyua karatasi mbili, ukumbi mzima ukaona. Jaji alikuwa mama wa makamo aliyeandika taratibu. Aliniuliza maswali mawili, kisha akasema angependa kumsikia fundi mwenyewe. Baba alikuwa nje kwenye benchi la mashahidi, hajasikia neno langu hata moja.

Aliingia amevaa koti lake la harusi za watu. Alitembea kwa kufuata ukuta, lakini kwa namna ambayo asiyemjua angedhani ni maringo. Kijiti alimwangalia kutoka kizimbani, akainamisha kichwa.

Mwendesha mashtaka alimpa kikombe cha plastiki mkononi. "Mzee, hiki kimewahi kutumika katika karakana yako?"

Baba alikipapasa. "Takataka hii? Kwangu haijawahi kuingia. Risasi alizokuwa nazo mwanangu ni za sufu, zote, nimejaza kwa mkono huu."

"Binti yako anasema yeye ndiye anayejaza."

Baba akacheka. Alicheka vizuri, kwa mapenzi, na watu wengine nao wakatabasamu. "Huyu? Huyu ni mwanangu, ananipikia, Mungu ambariki. Lakini hajawahi kujaza risasi hata moja maishani mwake."

Wakili akainama sikioni kwangu. Akasema ataomba mzee ajaze risasi moja hapo hapo, ili mahakama ione ule mkono.

"Usimfanyie hivyo," nikamwambia.

"Unataka nini, heshima ya mzee au mdogo wako atoke?"

Nikanyamaza. Na kunyamaza kwangu ndiyo ilikuwa ruhusa, nakubali. Nilimtoa baba yangu aaibishwe mbele za watu, na nikaanza kusubiri aibu hiyo kwa hamu.

Wakaweka meza ndogo mbele yake. Ganda tupu, mchanga mweusi badala ya baruti, marisaa, vizibo vya sufu, mizani ileile ya shaba tuliyoileta kama kielelezo. Baba alivigusa vyote kimoja kimoja. Akafumba macho. Nilidhani amechanganyikiwa. Kisha akaanza.

Sijawahi kuona kazi kama ile, na mimi nimekulia ndani yake. Alimimina mchanga bila kudondosha chembe. Akashindilia kizibo kwa kidole gumba, akasikiliza, akaongeza cha pili. Marisaa aliyateremsha yakilia kidogo kidogo, akajua pa kukomea kwa sauti tu. Akakunja mdomo wa ganda kwa zamu sita za kidole, sawasawa, kama ua. Wakaipima kwenye mizani, wakalinganisha na uzito wa ile yangu ya sufu ulioandikwa uwanjani. Yake ndiyo iliyokuwa sahihi zaidi. Mkono haukutikisika hata mara moja. Nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Ama kweli, fundi ni fundi," na mwingine akapiga makofi mpaka akanyamazishwa.

Wakili alikaa chini polepole. Mimi nilikuwa natazama ule mkono, na naapa sehemu moja ya moyo wangu ilimshangilia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili. Jaji alisema kipimo cha uwanjani kilionyesha tu kinachowezekana, lakini hakuna ushahidi kwamba plastiki ilitumika. Kwamba fundi ni shahidi mkweli na ameonyesha uwezo wake mbele ya mahakama. Kwamba dada wa mshtakiwa alisukumwa na mapenzi ya damu. Alilisema hilo kwa upole, hata aliniangalia. Hatua kumi na mbili. Kifungo cha maisha.

Walituruhusu dakika chache kwenye korido. Kijiti alikuwa na pingu. Baba alikuwa amesimama mbali, ameshikwa mkono na karani, anauliza mlango uko wapi.

"Nitamwambia leo hii," nikasema. "Nitamfungulia risasi zake za asubuhi aziguse. Arudi kwa jaji, aseme alikosea. Tutakata rufaa."

"Atarudi aseme nini? Kwamba maneno yake ndiyo yaliyonifunga?" Kijiti alitikisa kichwa. "Nani atamwamini sasa, Dada? Umeona mwenyewe. Mimi nimeona. Usimwambie. Mmoja wetu akiangamia inatosha."

"Kijiti..."

"Muache afe akiwa fundi."

Askari akamvuta, na hakugeuka.

Nyumbani Baba hakula siku mbili. Siku ya tatu, mchana, aliniita karakana. Alikuwa ameketi kwenye stuli yake, mezani hamna kitu.

"Njoo ukae, mama," akasema. Huniita mama anapotaka kusema jambo zito. Nikakaa.

"Sikulaumu kwa yale uliyosema kule. Ningekuwa na akili ya kutunga uongo kama ule, ningeutunga mimi."

Nikafuta vumbi mezani kwa kiganja.

"Lakini kuna kitu kinanikosesha usingizi," akaendelea. "Wale polisi walipima vibaya, najua. Sufu yangu inabana mpaka hatua thelathini, nimeiona kwa macho yangu enzi hizo. Wakili wetu aliponiwekea vile vifaa, nikamwelewa papo hapo. Alitaka niwaonyeshe risasi iliyojazwa sawasawa, wajue mtoto alikuwa mbali, asidhulumiwe. Nikaogopa, mama. Nikwambie siri, mkono huu siku hizi unanisumbua. Hujui tu, nakuficha."

Alikuwa ameuweka mapajani na kuufunika kwa ule wa kushoto, na yote miwili ilikuwa inatetemeka pamoja.

"Basi nikafumba macho, nikamwomba Mungu. Nikamwambia, sikuombi kesho wala kesho kutwa, niwezeshe leo tu, nimwokoe mwanangu."

Akanigeuzia uso, akinitafuta mahali ambapo sikuwepo.

"Na alinisikia," akasema. "Si uliona? Alinisikia."